Chama cha mama husoma daftari kila Jumapili. Chako cha kazini je?

Jumapili alasiri, pita kwenye ploti yoyote ya Kayole, Umoja au Dandora. Utawakuta akina mama wamepanga viti vya plastiki uani, chai iko kwenye thamosi, na mmoja wao ameshika daftari. Hicho ni chama. Kabla mtu hajapokea hata shilingi moja, daftari linasomwa kwa sauti: nani ametoa, nani bado, nani ametozwa faini kwa kuchelewa, nani alikopa na amebakisha ngapi. Mweka hazina akipungukiwa na shilingi hamsini, hakuna anayeinuka kwenda kupika mpaka hiyo hamsini ijulikane ilikwenda wapi.

Sasa toa karatasi yako ya mshahara, ikiwa unayo. Kama umeandikwa kiwandani, hotelini, kwenye supamaketi au kama bawabu, utaona orodha ya makato. Kuna NSSF, kuna SHIF asilimia 2.75, kuna ada ya nyumba asilimia 1.5. Chini yake huenda kuna mstari mwingine mfupi, wenye herufi ambazo hujawahi kumwuliza mtu maana yake. Hicho nacho ni chama. Ni chama chako cha wafanyakazi. Tofauti ni kwamba daftari la hiki cha pili hujawahi kulisikia likisomwa.

Mwaka wa 2024, mwezi wa Juni, vijana wa mitaa hii yetu mliingia barabarani kwa maelfu kuupinga Mswada wa Fedha. Mliusoma kifungu kwa kifungu, mkautafsiri kwa Sheng, mkauliza kodi zinaenda wapi. Rais akakataa kuutia sahihi. Swali letu leo ni rahisi, na tunakuuliza bila kukukejeli: mbona ujasiri huo unaishia kwenye lango la kazi? Unamtaka Mbunge akupe hesabu ya pesa zako, nawe hujui hata jina la mweka hazina wa tawi la chama chako.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kuanzia Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida hapa Nairobi kiliwekwa kuwa Sh16,113 kwa mwezi. Vyama havikati sawa. Vingine huchukua asilimia fulani, vingine kiasi kimoja kwa kila mtu. Tuchukue mfano wa asilimia 2. Hiyo ni Sh322 kila mwezi, yaani soo tatu na kitu. Utasema si kitu, ni pakiti mbili za unga. Lakini kwa mwaka ni Sh3,864. Mkiwa wanachama 400 katika kiwanda kimoja, ni Sh128,800 kila mwezi, na zaidi ya milioni moja unusu kwa mwaka. Hicho ni kiwanda kimoja tu. Hesabu viwanda vilivyopangana kutoka Lunga Lunga hadi Enterprise Road, kisha uniambie kama bado ni pesa za unga.

Pesa hizo haziendi chamani kwa bahati. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ndiyo inayozipeleka. Kifungu cha 48 kinampa Waziri wa Leba nguvu ya kumwagiza mwajiri mwenye zaidi ya wanachama watano akate ada na kuituma kwenye akaunti ya chama, na sehemu yake inaweza kuelekezwa kwa shirikisho. Wewe ulikubali ulipotia sahihi Fomu S. Wengi wetu tuliitia sahihi tukiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, mtu amepita na karatasi, "weka jina na nambari ya kitambulisho hapa", basi. Hakuna aliyekuambia kwamba sahihi ile ilikufanya mmoja wa wenye chama.

Na mwenye chama ana haki zake. Sheria hiyo hiyo inataka chama kiweke vitabu vya hesabu, vitabu vikaguliwe, na taarifa ya kila mwaka ipelekwe kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi. Inataka pia katiba ya kila chama ieleze namna mtu mwenye maslahi katika fedha hizo anavyoweza kukagua vitabu na orodha ya wanachama. Kwa hiyo ukimwuliza katibu wa tawi, "tulikusanya ngapi mwaka jana na zilitumikaje?" humkosei heshima, wala wewe si kibaraka wa mdosi. Unatumia haki yako.

Tunajua jibu ambalo wengi mtatupa: "Mimi nitajitoa tu, nisave hizo pesa." Ni kweli sheria inakuruhusu. Unamwandikia mwajiri kwamba umejiondoa, na kuanzia mwezi unaofuata makato yanakoma. Lakini ngoja kwanza. Kifungu cha 49 kinasema kwamba pale ambapo chama kimefanya mkataba wa pamoja na mwajiri, ukasajiliwa mahakamani, chama kinaweza kuomba agizo la kukata ada ya uwakala kutoka kwa wafanyakazi wanaonufaika na mkataba huo bila kuwa wanachama. Kwa maneno mengine, unaweza kujitoa na bado ukakatwa. Utakuwa umepoteza kura tu.

Kuna hasara kubwa zaidi. Kifungu cha 54 kinamlazimisha mwajiri kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Mkipungua chini ya nusu, msingi wa kumketisha mwajiri mezani unalegea. Kila mmoja akihama peke yake, kimya kimya, kwa hasira, mdosi ndiye anayefaidi.

Uliza walimu. Mwaka wa 2019 chama cha KNUT kilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000. Ukazuka mzozo kati yake na mwajiri, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kuhusu kupandishwa vyeo na utekelezaji wa mkataba wa mishahara. Uamuzi wa mahakama ulitoka Julai mwaka huo. Baadaye wanachama wa KNUT wakajikuta nje ya nyongeza ambayo wenzao waliendelea kuipata. Walimu wakaanza kukihama chama ili mishahara yao isonge. Kufikia mwaka uliofuata walikuwa wamebaki chini ya 30,000. Mamilioni yaliyokuwa yakiingia kila mwezi yakakauka, na wafanyakazi wa chama chenyewe wakakosa mishahara. Juni 2021, katibu mkuu Wilson Sossion akajiuzulu na Collins Oyuu akashika usukani. Mwezi uliofuata walimu walitia sahihi mkataba mpya wa miaka minne usiokuwa na nyongeza yoyote ya mshahara. Serikali ilitaja hali ya uchumi wakati wa korona, na huenda ilikuwa na sababu. Lakini chama kilichopoteza watu na pesa kiasi hicho kingepigania nini, na kwa nguvu gani?

Kisa hicho kina funzo la pili ambalo huwa halisemwi. Ada inapopitia kwa mwajiri, mwajiri ndiye anayeshika mfereji. Akiufunga, chama kinakauka. Sasa jiweke kwenye viatu vya katibu. Atamwogopa nani zaidi: wewe ambaye hujawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja, au ofisi ya uhasibu inayotuma hundi kila mwezi? Enzi za kabla ya makato ya moja kwa moja, mkusanyaji alizunguka mwenyewe, mlango hadi mlango, akiomba ada mkononi. Ilikuwa kazi ngumu na pesa zilikuwa chache. Lakini aliyetoa sarafu yake alipata nafasi ya kuuliza, "Na ile ya mwezi uliopita ilifanya nini?" Mfumo wa sasa umekiondolea chama ile kazi ya kuzunguka, na umekuondolea wewe lile swali. Ni sisi wenyewe tutakaolirudisha.

Na hakuna mahali panapofaa zaidi kulirudisha kuliko Eastlands. Ni hapa, kwenye ukumbi wa Kaloleni, mnamo Aprili 23, 1950, Makhan Singh, katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, alisimama kudai uhuru wa nchi zetu waziwazi. Mwezi uliofuata yeye na mwenyekiti wake Fred Kubai wakakamatwa, na Mei 16 wafanyakazi wa Nairobi wakaanza mgomo mkuu. Waliogoma walikuwa watu wa Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, watu waliokaa chumba kimoja familia nzima. Makhan Singh alizuiliwa hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Tom Mboya naye alianza harakati zake za vyama akiwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji, kazi ya kanjo kama wanavyosema mtaani. Na hadi leo makao makuu ya COTU yako Digo Road, hatua chache kutoka Gikomba. Unayapita ukienda kuchagua mitumba.

Tunajua Mboya alipewa dola 35,000 na vyama vya wafanyakazi vya Marekani, AFL-CIO, baada ya ziara yake ya 1956, ili kujenga Solidarity House. Hesabu hiyo imeandikwa kwenye vitabu vya historia. Ni ajabu kwamba kijana wa Maringo anaweza kujua pesa za mwaka wa 1956 zilitoka wapi, lakini hajui zake za mwezi uliopita zilikwenda wapi.

Tufike sasa kwenye jambo linalowasha watu zaidi: mishahara ya viongozi. Mtaani utasikia hadithi nyingi. Eti fulani ana magari mawili, eti fulani anajenga ghorofa Ruai. Sisi hatutarudia fununu. Tunachosema ni kwamba fununu hukua pale ambapo hakuna karatasi. Kama mshahara wa katibu mkuu, marupurupu yake, mafuta ya gari na posho za mikutano vingeandikwa kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa, nusu ya maneno hayo yangeisha siku hiyo hiyo. Na nusu nyingine tungejua ni ya kweli.

Pia tuseme wazi: kiongozi wa chama anastahili kulipwa, na alipwe vizuri. Anayesimamia kesi mahakamani, anayekesha akijadiliana na mwajiri mwenye mawakili watatu, hawezi kuishi kwa asante. Kiongozi mwenye njaa hununuliwa kwa kikombe cha chai. Hatulalamikii ukubwa wa mshahara. Tunalalamikia mshahara uliofichwa. Anayelipwa kwa siri na wanachama wake hana jinsi ya kuwaonyesha kwamba halipwi kwa siri na mtu mwingine.

Wengine wameweza. Marekani, tangu sheria ya 1959, vyama hupeleka kila mwaka taarifa ya fedha kwa Wizara ya Leba, na vyama vikubwa hutaja malipo ya kila afisa kwa jina. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma, hata asiye mwanachama. Uingereza nako sheria inataka mshahara na marupurupu ya katibu mkuu vitajwe kwenye taarifa ya mwaka, na wanachama wapewe muhtasari wake. Vyama havikufa kwa sababu hiyo. Huku kwetu taarifa inafika kwa Msajili na kukaa kabatini, na ni nadra mwanachama wa kawaida kwenda kuitafuta. Tunaomba COTU na vyama vyake visingoje sheria mpya. Kuchapisha mshahara hakuhitaji kibali cha Bunge.

Kuna suala la umri pia. Francis Atwoli alichukua ukatibu mkuu wa COTU mwaka wa 2001, na 2021 akachaguliwa kwa muhula wa tano. Mtoto aliyezaliwa Dandora mwaka ule wa kwanza alikuwa na kitambulisho tayari kufikia uchaguzi huo. Hatusemi mzee amekosea kugombea. Waliompigia kura walikuwa na haki yao. Tunasema vijana hawakuwa kwenye chumba hicho, na hawatakuwapo kama hawaanzii kwenye tawi. Njia ya kwenda Digo Road huanzia kwa mwakilishi wa chama kwenye idara yenu, yule anayechaguliwa na watu ishirini au thelathini, na ambaye mara nyingi hupita bila kupingwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeinua mkono.

Najua wako wengi mnaosoma haya mkisema, "Hayo ni ya walioandikwa. Mimi nasimama langoni saa kumi na mbili asubuhi, nachaguliwa ama narudi Mukuru." Hata wewe tunakuhitaji kwenye mjadala huu, tena zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kuisha chini ya miezi mitatu, anaweza kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mkataba wa kawaida. Wapo vijana waliofanya "kibarua" miaka mitatu mahali pamoja. Kila mmoja wao ni mwanachama ambaye chama kimemkosa. Na chama kinachowaacha vibarua nje kinabaki na wazee wachache wanaokaribia kustaafu, ada zinazopungua, na viongozi wanaojibu maswali ya watu wachache zaidi kila mwaka.

Basi ufanye nini Jumatatu? Kwanza, soma karatasi yako ya mshahara na ujue unakatwa kiasi gani, na kwenda chama gani. Kama hujui ulitia sahihi lini, omba nakala ya fomu yako. Pili, tafuta katiba ya chama. Inapaswa kuwepo kwenye ofisi ya tawi. Piga picha kurasa za fedha na za uchaguzi, uzitume kwenye kundi lenu la WhatsApp. Tatu, msiende mmoja mmoja. Andikeni barua moja, itiwe sahihi na watu wengi, yenye maswali manne tu: tuko wanachama wangapi, mwaka jana ziliingia ngapi, viongozi wanaolipwa ni akina nani na kwa kiasi gani, na uchaguzi ujao wa tawi ni lini. Barua yenye sahihi sitini haipotei mezani kirahisi. Nne, nendeni kwenye mkutano. Najua huwa siku ya mapumziko na mechi ziko. Nendeni hivyo hivyo.

Kuna wanaoogopa kwamba wakiuliza watafutwa kazi. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Kodi ya nyumba haingoji. Lakini Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi inakataza kumbagua au kumwadhibu mtu kwa sababu hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza sahihi nyingi badala ya mdomo mmoja.

Kwa nyinyi viongozi wa matawi mnaosoma safu hii kwenye simu za watoto wenu, tunawaomba jambo dogo. Kila baada ya miezi mitatu bandikeni karatasi moja karibu na lango la kazi: idadi ya wanachama, pesa zilizoingia, zilizokwenda makao makuu, zilizolipa mishahara, zilizolipa kesi, na zilizobaki benki. Mstari wa chini, sahihi ya mweka hazina. Karatasi hiyo itawaletea wanachama wapya kuliko hotuba zote za Leba Dei pale Uhuru Gardens.

Na wewe kijana, Jumapili hii ukimsikia mama akisoma daftari uani, usipite ukiwa na vipokea sauti masikioni. Simama kidogo usikilize. Mwulize wanafanya nini mtu akikataa kuonyesha hesabu. Atakuambia bila kufikiri mara mbili: anaondolewa uweka hazina, anarudisha pesa, na chama kinaendelea. Hakuna mama hata mmoja atakayekuambia kwamba dawa ni kuacha chama.